Antena ziko ndani ya boksi

Mtu akishaunda kompyuta ya mezani kwa mikono yake, kioo ubavuni na taa za rangi saba ndani, halafu waifai ikagoma, mshitakiwa wa kwanza huwa kampuni ya intaneti. Ushahidi unakataa: simu iliyo juu ya meza hiyohiyo inashika mtandao barabara, basi ruta haina kesi. Watoro ni vijiti viwili vya antena, vingali vimelala katika mfuko wa nailoni ndani ya boksi la bodi kuu, jirani na kile kijitabu cha maelezo ambacho waungwana hawafungui. Utaulizwa, mbona laptopu haina antena? Inazo, ila zimefichwa, mara nyingi pembezoni mwa kioo. Ya mezani imevikwa bati, na matundu yake ya antena yametazamishwa ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa.

Yupo atakayejitetea kwamba antena kazifunga na bado kompyuta haioni mtandao wowote. Huyu asikilizwe, maana kichekesho si chake peke yake. Kadi ya waifai ikiwa mpya kuliko Windows iliyowekwa, huenda ikahitaji draiva. Draiva iko kwenye intaneti. Na Windows 11 nayo, wakati wa kuiweka, inadai intaneti kwanza. Ndoo imo kisimani, kamba imo ndooni. Dawa mara nyingi ni waya wa USB na simu ileile: mashine ya mamilioni inanyweshwa data na simu yenye kioo kilichopasuka.