Nyuma ya Gunia la Machungwa

Huko Ulaya, mlima wa mashindano ya kuteremka kwa baiskeli huwa na viti vinavyoning'inia kwenye waya. Mtu anaketi, baiskeli yake inatundikwa, wote wawili wanapandishwa taratibu hadi kileleni wakitazama mandhari. Ukambani tuna boda boda. Unapanda nyuma ya dereva ukiwa umeibeba baiskeli begani, gurudumu moja limeelekea Mwingi na jingine limeelekea Mutomo, na kila mgunga ulio kando ya njia unanyoosha tawi kuzisalimu spoki zako. Dereva hapunguzi mwendo. Jana yake alibeba kabati la nguo pamoja na mwenye kabati, kwa hiyo wewe na kibaiskeli chako hamumtishi.

"Tulia tu, bosi," aliniambia yule aliyenipandisha Nzambani. "Abiria wangu hajawahi kuanguka." Akafikiri kidogo, akaongeza, "Mizigo ndiyo huanguka."

Haya nayaandika nikiwa nimekalia mito miwili, na wala si dereva huyo aliyenifikisha hapa. Yeye alinishusha salama, akapokea hela zake kwa M-Pesa, akazima pikipiki na kuketi juu ya jiwe. Nilipomuuliza kama hana abiria wengine wa kufuata, alinijibu kwa heshima zote kwamba anangoja kwanza aone nitakavyoshuka, asije akaitwa tena.

Tulikuwa wanne: mhasibu, mwalimu wa kemia, daktari wa meno na mimi. Siku za kazi sote hukaa vitini Nairobi tukinenepa kwa utaratibu. Wikendi moja ya Agosti, wakati mito mingi ya Kitui imebaki mchanga mtupu na hakuna matope ya kumtia mtu aibu, tuliamua kufanya mashindano yetu wenyewe: Jumamosi Kitui, Jumapili Makueni. Hakukuwa na mdhamini, kikombe wala ambulensi. Daktari tulikuwa naye, ni kweli, lakini katika majeraha tuliyokuwa tukiyaendea, meno yalikuwa sehemu ndogo.

Mchezo wenyewe ulizaliwa hivyohivyo, bila mwenyewe. Tarehe 21 Oktoba 1976, vijana kadhaa wa California walikusanyika juu ya barabara ya vumbi karibu na mji wa Fairfax, wakaachiliwa mmoja mmoja huku saa ikihesabu. Baiskeli zao zilikuwa makuukuu mazito, yenye breki ya kukanyaga pedali kinyumenyume. Njia ilikuwa ya kilomita tatu hivi, na ilishuka karibu mita 400. Breki zilipata moto mpaka grisi ya ndani ya habu ikaungua na kufuka moshi, na kila baada ya mteremko ilibidi habu ijazwe grisi upya. Ndiyo maana mahali pale pakaitwa Repack. Gary Fisher aliweka rekodi ya dakika 4 na sekunde 22. Wendawazimu ule umetuzalia viwanda, mashindano rasmi ya dunia tangu 1990, na baiskeli zinazouzwa kwa bei ya shamba. Olimpiki iliwapokea wale wa kuzunguka msituni mwaka 1996. Wa kuteremka hawajaitwa hadi leo. Baada ya Nzambani, naielewa Kamati ya Olimpiki.

Mwamba wa Nzambani uko mwendo mfupi kutoka mji wa Kitui, jiwe kubwa lililosimama peke yake, likafungiwa ngazi za chuma za kupandia wageni. Mkamba yeyote atakusimulia habari yake: ukilizunguka mara saba, mwanamume hugeuka mwanamke, na mwanamke hugeuka mwanamume. Sisi hatukuja kulizunguka. Tulikuja kuteremka kwa kijia cha mbuzi kilicho upande wa chini. Lakini kijia cha mbuzi huenda anakotaka mbuzi, na mbuzi wa Nzambani anapenda kurudi alikotoka. Tukaenda, tukatokea tena penye ngazi. Tukaenda kwa upande wa pili, tukatokea penye ngazi. Mhasibu, ambaye kuhesabu ndiyo kazi yake, akaanza kuingiwa na wasiwasi, akawa anauliza kwa sauti ya chini kama mzunguko usiokamilika nao unaingia kwenye hesabu. Mwalimu wa kemia alimwambia hayo ni mambo yasiyo na ushahidi. Kisha akashuka kwenye baiskeli, akaanza kutembea akirudi kinyume, ili apunguze.

Kijia tulipokipata kilikuwa kitamu. Niliruka mzizi, nikaruka jiwe, upepo ukanijaa masikioni, na kwa muda mfupi nikasahau kwamba nina mkopo wa benki. Ndipo nikasikia tairi la mbele likipumua. La nyuma likalijibu.

Asiyeijua mbigili na amshukuru Mungu. Ni mmea mdogo unaotambaa chini, una maua mazuri ya njano, na mbegu zake zina pembe zilizopangwa kwa hila: zianguke zinavyoanguka, lazima mwiba mmoja utazame mbinguni. Aliyeniuzia matairi aliniapia kwamba yanahimili mawe makali kuliko yote. Mawe ndiyo aliyoyataja. Kuhusu mbigili alinyamaza.

Fundi tulimkuta mjini, chini ya mwarobaini. Kwingine fundi hutafuta tundu kwa kuutumbukiza mpira ndani ya beseni la maji aone mapovu. Kitui, mwezi wa Agosti, hakuna mtu atakayemwaga maji kwa ajili ya mpira. Aliujaza upepo, akaupitisha polepole karibu na shavu lake huku amefumba macho, na kila alipohisi ubaridi alipaka mate, povu likatokeza. Alipata matundu mengi hata akawaita mafundi wenzake waje kutazama. Viraka alivikata kutoka kwenye tyubu kuukuu ya lori, na mpaka leo havijabanduka. Wakati gundi inakauka aliniuliza baiskeli ile ni ya shilingi ngapi. Nikamtajia theluthi ya bei. Alinyamaza kidogo, akaniuliza kwa upole kama nimeoa. Halafu akasema kwa pesa hizo yeye angenunua ng'ombe wawili, na ng'ombe hapati pancha.

Jioni tulipakia baiskeli kwenye gari la mwalimu, tukashika barabara ya kwenda Kibwezi kupitia Mutomo na Ikutha. Mibuyu ilisimama kila upande, Mto Athi tukauvuka giza limeshaingia, na ndani ya gari hakuna aliyesema neno isipokuwa penye matuta, ambapo sote tulisema neno lilelile.

Makindu tulisimama kwenye hekalu la Kalasinga, lile lililoanzia enzi za wajenzi wa reli, ambako msafiri yeyote hupewa chakula bure bila kuulizwa dini wala kabila. Masharti ni machache: vua viatu, funika kichwa. Kwenye viatu ndipo tulipogundua kwamba hakuna kati yetu anayeweza kuinama, tukasaidiana kwa kukanyagana visigino. Mhasibu alikuwa bado amevaa helmeti yake, na akashikilia kwamba kichwa tayari kimefunikwa. Mzee wa mlangoni alimtazama, akaitazama helmeti, kisha akampa kitambaa bila kusema lolote. Tulikula dengu kwa chapati, tukanywa chai ya maziwa. Kama mashindano ya dunia yangekuwa na jiko la namna ile chini ya mlima, ningeyafuatilia kwa karibu zaidi.

Jumapili ikawa ya Nzaui. Wakamba husimulia kwamba Mulungu aliwatupa watu wa kwanza kutoka mawinguni, mwanamume na mwanamke, wakatua juu ya mwamba wa kilima hicho, na nyayo zao pamoja na za mifugo wao zimebaki kwenye jiwe hadi leo. Huo ndio mteremko mkubwa kuliko yote uliowahi kufanyika Makueni: bila breki, bila helmeti, na ng'ombe juu. Sisi tulianzia chini zaidi.

Saa alikabidhiwa mhasibu, kwa kuwa ni mtu wa hesabu na goti lake lilikuwa limefura. Alikaa chini, kwenye kibanda cha mama mmoja anayepika muthokoi. Utaratibu ulikuwa rahisi: mtu akiachiliwa juu, anayemwachilia amflashie mhasibu, naye abonyeze saa. Ila mtandao wa Nzaui, upande mmoja wa kilima upo, upande wa pili ni maombi. Flashi ya daktari wa meno ilifika chini wakati daktari mwenyewe ameshafika, ameshakunywa maji na ameshaagiza muthokoi. Mhasibu ni mtu wa kanuni, akaandika alichokiona. Daktari ana muda wa kasoro dakika tatu, rekodi ambayo Gary Fisher hakuikaribia.

Na alishuka kwa madaha! Daktari ni mpenzi wa Chris Froome, yule mzaliwa wa Nairobi aliyenolewa na David Kinjah kule Kikuyu, akaja kushinda Tour de France mara nne. Julai 2016 Froome aliteremka Peyresourde, kwenye milima ya Pyrenees, akiwa ameketi juu ya bomba la fremu, kifua amekilaza kwenye usukani, akashinda siku hiyo na kuvaa jezi ya njano. Mwaka 2021 mtindo huo ulipigwa marufuku mashindanoni. Makueni hakuna wa kuupiga marufuku, kwa sababu hapo bombani ndipo anapokaa mtoto akipelekwa nasari. Daktari alipopita akiwa amejikunja pale juu, watoto wa kijijini walimkimbilia wakiuliza kwa huruma, "Baba yako ameanguka wapi?"

Zamu yangu ilianza vizuri. Kisha mbuzi akavuka, nikamheshimu, nikatoka nje ya kijia na kuingia shambani mwa watu. Mashamba ya Makueni yamekatwa matuta ya fanya juu: mtaro unachimbwa, udongo wake unatupwa upande wa juu uwe ukingo. Kazi hiyo imeuokoa udongo wa Ukambani kwa miongo mingi, na mimi naiheshimu. Ila kwa mtu anayetoka juu kwa baiskeli mpangilio wake ni huu: kwanza ukingo, unaokurusha, halafu mtaro, unaokupokea. Halafu shamba lenyewe, kukupa nafasi ya kutafakari. Halafu ukingo mwingine. Wa mwisho ulikuwa umepandwa majani ya napia, na ndani yake nikalala.

Nilipofumbua macho, mama mmoja mtu mzima alikuwa amesimama juu yangu na jembe.

"Kijana, umetoka wapi?"

"Juu, mwaitu."

"Juu kuna nini?"

"Hakuna kitu, mwaitu."

"Na huku chini unakimbilia nini?"

"Ni mashindano, mwaitu."

Aliizunguka baiskeli, akaikagua. "Haina keria. Inabeba nini?"

"Inanibeba mimi."

"Basi imekutua," alisema, akaenda kuniletea maji.

Maji yalikuwa matamu, ya kwenye mtungi. Nilipomaliza alichukua kikombe kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akanikabidhi jembe. Ukingo niliubomoa mimi, nikaujenga mimi, yeye akisimamia. Pale nilipolegeza alinirudisha. Saa ya mhasibu ilikuwa ikihesabu muda wote huo, na hakuna kifungu cha kanuni zetu kinachohusu kilimo.

Nilikuwa nimerudi kijiani, nimeanza kushika kasi, niliposikia kengele nyuma yangu.

"Samahani, mzee, naomba njia."

Ilikuwa Black Mamba: chuma kitupu, gia moja, springi hakuna isipokuwa za kiti. Nyuma kulikuwa na gunia la machungwa lililofungwa kwa mpira wa tyubu, na juu ya gunia jerikani ya lita 20. Mwenye baiskeli alikuwa amevaa akala, na kila penye kona aliegemeza kisigino kimoja kwenye tairi la nyuma, mpira kwa mpira, akakata kona hiyo bila vumbi. Mkono mmoja ulikuwa kwenye usukani. Wa pili ulishika simu, na alikuwa akimweleza mtu kwamba anachelewa kwa sababu kuna mzee njiani.

Nilimfukuza. Nina breki za diski, nina shokabsoba mbele na nyuma, nina suruali yenye mto ndani yake. Alizidi kupungua machoni mpaka nikabaki na harufu ya machungwa. Chini, mhasibu aliona baiskeli inafika kwa kasi, akabonyeza saa na kuandika, kisha akamkimbilia kumpongeza. Mwenye machungwa alimuuliza anataka ya shilingi ngapi.

Matokeo yamo kwenye daftari. Rekodi ya daktari wa meno imekatiwa rufaa. Mwalimu wa kemia alishuka kwa boda boda, jambo ambalo kanuni hazikulikataza kwa sababu hakuna aliyelifikiria, na wakili wake anasema muda huo ni halali. Mimi ni wa pili, dakika za jembe zikiwemo. Wa kwanza hakungoja kutangazwa. Alinyoosha moja kwa moja kwenda Emali, ambako wasafiri wa barabara ya Mombasa hununua matunda. Ukipita pale ukaona machungwa ya Makueni yamepangwa kando ya lami, simama ununue, wala usimwombe muuzaji akupunguzie. Bei aliyokutajia ni ya haki.