Barua ya wazi kwa Wizara ya Maji kuhusu mfereji wa Kabanga

Mfereji wa asili ni mtaro unaochimbwa kwa jembe kutoka kijitoni hadi bustanini. Wizara inaelezwa hivi kwa heshima zote, maana kitu kisicho na nambari ya jalada si rahisi kukifahamu. Huko Kabanga, Kasulu, kazi yake huanza mvua zikishakatika, kuanzia Juni hadi Septemba, wakati maharage na kabichi za bondeni hazina pengine pa kunywa.

Lango lake ni bonge la tope lililokazwa kwa gome la mgomba. Alfajiri mwenye zamu hulibandua kwa jembe, maji yakaingia tuta baada ya tuta. Mita hakuna. Kinachopima ni jirani wa chini, ambaye hufika na jembe lake kabla ya saa yake na kusimama kimya.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 hupima vingine. Maji yote ya Tanzania Bara ni ya umma, yamekabidhiwa kwa Rais kwa niaba ya wananchi, na anayeyachepusha huomba kibali kwa Bodi ya Maji ya Bonde. Kwa Kasulu, ile ya Ziwa Tanganyika. Sheria hiyohiyo inatambua kuwa haki ya kimila ina uzito sawa na kibali. Usawa huo ni kamili, ila kibali kina mhuri na mila ina mzee, na siku ya shauri mhuri haukohoi.

Kijito nacho hakijui kusoma. Machi hufurika, Septemba kujaza ndoo ni kazi. Kiasi kilichoandikwa kwenye kibali hakipungui. Bila shaka karatasi ndiyo chemchemi ya kutegemewa zaidi.

Zipo pia mita 60 za Sheria ya Mazingira ya 2004, zinazozuia shughuli za kudumu kando ya mto. Nia ni njema: ukingo uliolimwa huporomoka. Lakini katika bonde jembamba, mita 60 kutoka majini tayari ni mlimani. Kabichi tiifu hupanda mlima. Maji, yakiwa bado hayajapata waraka wa kupanda, hubaki chini.

Mkaguzi atakayetaka kuuona mfereji afike Septemba, alfajiri, na viatu vya kulowa. Akichelewa, zamu itakuwa imeshahamia kwa jirani.