Hakuna Ua Lililokufa kwa Kiu

Nyumbani kwetu hakuna ua lililowahi kufa kwa kiu. Yote yaliyotangulia mbele ya haki yaliuawa na mapenzi. Asubuhi dada anayetusaidia kazi anamwagilia, maana ndivyo alivyoagizwa. Mchana mwanangu anarudi shule na kumalizia maji ya chupa yake mlemle kwenye chungu, kwa kuwa mwalimu kamwambia mimea ni viumbe hai. Jioni shangazi, aliyekuja kutoka Muheza kutibiwa macho akaona bora apumzike kidogo, anapita na bakuli la maji yaliyooshewa mchele. "Haya yana vitamini," anasema, na mtu mzima hapingwi. Wageni nao wakipewa chai iliyozidi sukari hutazama huku, hutazama kule, kisha chungu kinakunywa.

Mlevi mkuu kati ya hayo maua ni Zamioculcas, lile la majani ya kung'aa linalopamba ofisi za watu. Asili yake ni hukuhuku Afrika Mashariki, Unguja ikiwamo, ila limepata umaarufu baada ya vitalu vya Uholanzi kuanza kulizalisha kwa wingi miaka ya 1990. Chini ya udongo lina viazi vyake vya kuhifadhia maji, limejiandaa kwa kiangazi. Kiangazi chenyewe hakikuja, alikuja shangazi.

Basi ukungu ukaota juu ya udongo, mweupe kama pamba. Shangazi akavaa miwani, akainama, akatoa hukumu: "Hili si bure. Kuna mtu ana kijicho na nyumba hii."

Ukungu ule hauna habari na kijicho cha mtu. Ni kuvu inayojilia mabaki ya majani, samadi na wanga wa mchele, na mara nyingi mmea wenyewe wala haiugusi. Imekuja kuleta taarifa tu: udongo haukauki na hewa haipiti, na mizizi isiyopata hewa huoza. Dar es Salaam wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, hata chumvi inaloa kwenye kopo, sembuse udongo wa sebuleni. Nyuma ya kuvu wakaja vijidudu vyeusi vinavyoruka, ambavyo funza wao huishi kwenye udongo mbichi na kuila kuvu hiyohiyo. Vikubwa vyenyewe vilipenda kutua kwenye vikombe vya wageni, vikidai chai yao.

Jirani wa ghorofa ya juu akaleta dawa: mdalasini wa unga, unyunyizwe juu. Kuvu ikapungua kweli, lakini udongo ulipobaki umeloa ikarudi na ndugu zake. Nyumba nzima ilinukia pilau. Mwanangu akitoka shule alikuwa akitupa begi mlangoni na kukimbilia jikoni, akikuta ugali analia.

Kilichotuokoa hakina manukato. Tulikwangua udongo wa juu, kama sentimita 2, tukautupa. Vyungu vikasogezwa dirishani penye mwanga na upepo, na maji yanayotuama kwenye kisahani yakawa yanamwagwa. Kokoto alizojaza aliyetupandia maua, eti zichuje maji, zilitolewa. Maji hayashuki upesi kutoka udongo laini kwenda kwenye kokoto, hugota juu yake na kuisogelea mizizi. Muhimu ni tundu la chini liwe wazi. Kisha ikapitishwa sheria: kabla ya kumwagilia, chomeka kidole hadi kifundo cha pili. Kikitoka na ubichi, weka kopo chini uende zako.

Ukabaki udongo wenyewe. Kando ya Barabara ya Bagamoyo muuzaji alinifungulia kiroba akanihakikishia, "Bosi, hapa hata ukichomeka fagio linachipua." Nikachota konzi yenye unyevu, nikaifinya, nikafungua kiganja. Donge limekaa limejitunisha. Nikalidonoa kwa kidole, halikutikisika. Huo ni mfinyanzi, ungefaa kujengea. Udongo mzuri wa chungu hushikana ukifinywa, ukidonolewa unamomonyoka, na hunukia ardhi. Ukinuka zizi, samadi haijaiva. Mchanganyo unaotufaa ni sehemu 2 za udongo tifutifu, 1 ya mboji iliyooza vizuri, na 1 ya mchanga wa mtoni au pumba za mpunga zilizochomwa. Mchanga wa pwani uachiwe pwani na chumvi yake.

Shangazi aliposikia udongo unauzwa kwa pesa, alicheka mpaka akavua miwani. Akapanda basi kwenda kwao, akarudi na kiroba cha udongo mweusi wa chini ya michungwa yake. Kondakta, kwa kutafuta nauli ya mzigo, akamuuliza mbele ya abiria wote amebeba nini. "Udongo," akajibu. Wa nini? "Kuna nyumba huko Dar nakwenda kuishughulikia." Hakudaiwa hata senti ya mzigo, na siti ya pembeni yake, anavyosimulia mwenyewe kwa furaha, ilikaa tupu mpaka Dar es Salaam.