Jinsi ya Kununua Mtoto Mtulivu

Anza kwa kumchunguza mtoto, ila usimchunguze sana. Ukimchunguza sana utaona sababu, na ukishaiona sababu hutanunua kitu. Zinatosha dalili za juujuu: anaruka kwenye makochi, hesabu tatu za kutoa zinammalizia jioni nzima, ukimwita anaitika "naam" bila kuinua macho. Akinuna siku mbili mfululizo, basi ameiva kwa virutubisho.

Sasa tafuta muuzaji. Kwa kweli huna haja ya kumtafuta, mko naye kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa la tatu, lile lililofunguliwa kwa ajili ya mchango wa mahafali na halikufungwa tena. Kila Jumatatu asubuhi hutuma picha ya chupa yenye dubu anayetabasamu, na maneno mawili: "Mzigo umeingia." Atakuita mpenzi, wewe mwite dada. Ukiuliza ndani kuna nini, atakujibu kwa ushuhuda. Mtoto wa mteja wake wa Mbezi alikuwa wa thelathini na nane darasani, alipohamia shule nyingine na kuanza kutumia dubu, akawa wa nne. Usimuulize hilo darasa jipya lina watoto wangapi.

Ataongeza kwamba ni kitu cha asili, hakina kemikali. Hapo toa simu ulipe, usije ukaanza kufikiri. Mhogo mchungu ni wa asili, na sianidi yake ni ya asili vilevile. Mwaka 1849 huko Maine, Marekani, ilianza kuuzwa dawa ya maji iliyoitwa Mrs. Winslow's Soothing Syrup, ya kutuliza watoto wanaoota meno. Ilituliza kweli. Ndani yake mlikuwa na mofini, na mofini hutoka kwenye afyuni, ile ambayo wazee wetu waliiita kasumba, na afyuni hutoka kwenye ua zuri tu la shambani. Wapo watoto waliotulia wasiamke tena. Sheria ya Marekani ya 1906 iliwalazimisha watengenezaji waandike kilichomo, na hata hapo chupa hazikukosa wanunuzi. Na hiyo Gripe Water, ambayo nusu yetu tulinyweshwa tukiwa wachanga? Ilianza Uingereza mwaka 1851, na kwa zaidi ya miaka mia moja ilikuwa na pombe ndani. Bibi zetu walisema inaondoa gesi. Labda.

Baada ya kulipa, soma lebo. Isome kwa kuangalia rangi. Ukiona bendera ya Marekani, shusha pumzi, maana huko mambo yao yana utaratibu. Utaratibu wenyewe ni huu: tangu sheria ya mwaka 1994, virutubisho vinaingia sokoni bila FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, kuthibitisha kwanza kwamba vinafanya kazi. Mwaka 2023 watafiti wa hukohuko walipima aina 25 za pipi laini za melatonini, homoni ya usingizi ambayo Uingereza huipati bila cheti cha daktari. Aina 22 zilikuwa na kiasi kisicholingana na lebo. Moja ilikuwa na zaidi ya mara tatu ya kilichoandikwa, na nyingine haikuwa na melatonini hata chembe. Kwa hiyo ukinunua chupa mbili, wastani wake unaweza kuwa sawasawa kabisa.

Na ukitaka kujua bidhaa imesajiliwa wapi, jiandae kwa mchezo wa rede. Tangu 2019 chakula kiko TBS, shirika letu la viwango, na dawa ziko TMDA, mamlaka ya dawa. Ukimtajia dada TMDA, atakwambia hiki ni chakula, mpenzi. Ukimtajia TBS, hiki ni tiba. Mpira unapita juu ya kichwa chako, nawe umesimama katikati.

Ukianza kumpa mtoto, utaona mabadiliko. Hili nakuhakikishia, kwa sababu mabadiliko yatakuwa kwako. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani waliwachukua akina mama wanaoamini kuwa sukari inawapandisha watoto wao mzuka. Watoto wote wakapewa kinywaji chenye utamu bandia, kisicho na sukari kabisa. Nusu ya akina mama waliambiwa ukweli, nusu wakaambiwa mtoto kanywa sukari nyingi. Hao wa pili waliwaona watoto wao wamechachamaa. Wakawa wanawaandama na kuwakosoa zaidi. Sasa igeuze hiyo shilingi upande wa pili: mama aliyelipa elfu themanini kwa ajili ya utulivu atauona utulivu, hata kama mtoto amening'inia kwenye pazia. Ataandika ushuhuda, na kwa moyo mweupe kabisa.

Mafuta ya samaki yanahitaji hadhi yake, maana yana wasomi. Mwaka 2006, halmashauri ya Durham huko Uingereza iliamua kuwapa maelfu ya wanafunzi vidonge vya mafuta ya samaki kabla ya mitihani, bila kundi la kulinganisha nalo. Daktari na mwandishi Ben Goldacre aliwashupalia kwenye gazeti kwa kazi ya namna hiyo, na vijana wengi wakaacha kumeza kabla jaribio halijaisha. Tafiti zilizofanywa vizuri zaidi huona faida ndogo kwa baadhi ya watoto wenye shida ya umakini. Ndogo. Mafuta hayohayo ya omega-3 yamo kwenye dagaa, lakini dagaa hawana chupa wala dubu, na mtoto ataanza kuwatoa vichwa mmojammoja akivipanga ukingoni mwa sahani, kazi ambayo, nikiwa mkweli, inataka umakini mkubwa kuliko hesabu za kutoa.

Kuna kosa moja ambalo usilifanye kwa namna yoyote: usimpeleke akapimwe wingi wa damu. Ni tone la damu na dakika chache, na majibu yanaweza kukuharibia safari nzima. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2015-16 uliona kuwa watoto 58 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano Tanzania wana upungufu wa damu, na darasa la tatu halimfuti mtu kwenye hesabu hiyo. Mtoto mwenye damu kidogo huchoka, husinzia, hununa, hasikii mwalimu anasema nini. Pengine ni safura, inayotibika kwa dawa ya minyoo. Pengine ni ile chai anayoteremshia wali na maharage kila siku, nayo inazuia madini ya chuma yasinyonywe. Sasa dubu ataishi wapi? (Hapa natoka nje ya mwongozo kidogo. Vidonge vya chuma usimpe bila kupima, na vikiwamo ndani viweke mbali na mikono yake. Mtoto akivila kama pipi, vinaua.) Yupo pia mtoto ambaye shida yake ya umakini ni ya kweli na inataka mtaalamu. Mwongozo huu umemruka kwa sababu wataalamu hawana ofa ya nunua mbili upate ya tatu.

Ratiba ya matumizi. Basi la shule linapita kituoni saa kumi na moja alfajiri, kwa kuwa lina watoto wengine thelathini wa kuzoa kuanzia Goba hadi Kawe, kwa hiyo mtoto ataamka saa kumi na nusu. Mpe dubu wa umakini hapo, kabla macho hayajafunguka vizuri. Atarudi saa kumi na mbili jioni. Kuna tuisheni, kuna kazi za nyumbani za masomo matano, kuna kuoga na kula, na saa nne usiku yuko kitandani, simu yako mkononi mwake. Mpe dubu wa usingizi. Madaktari wanasema mtoto wa umri huo anahitaji kulala saa 9 hadi 12, yeye analala sita na nusu. Hizo mbili na nusu zinazopungua ndizo unazozinunua kwa chupa, kwa bei ya rejareja.

Mimi nilitumia miezi miwili. Wiki iliyopita mwanangu aliugua mafua, akakaa nyumbani siku nne. Akaamka saa tatu asubuhi, akacheza, akasoma kitabu cha dada yake kizima, akaniuliza kwa nini mwezi unaonekana mchana. Nikamwandikia dada kwamba dubu wameanza kufanya kazi. Halafu nikakumbuka kwamba siku zote hizo nilisahau kumpa.

Jumatatu akanijibu: "Mpenzi, mzigo umeingia. Safari hii ipo na ya wazazi."

Nikamuuliza bei.