Gigabaiti 45 za Hotuba ya Mwenyekiti

Anayedhani hotuba hupimwa kwa dakika hajawahi kurekodi harusi ya Dar es Salaam. Sisi wa kamera tunaipima kwa gigabaiti. Kamera ya 4K ikirekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 kila saa, na mwenyekiti wa kamati akishashika kipaza sauti na kuanza kuwashukuru waliochanga, mmoja baada ya mwingine, haachii mpaka zote 45 ziishe. Weka kamera tatu. Weka saa tano za ukumbini: maharusi kuingia kwa hatua za kobe, utambulisho wa ukoo mzima mpaka binamu walioshuka basi asubuhi ile, keki, ndafu, na foleni ya zawadi inayoanza na vitenge na kuishia na jokofu lililobebwa na vijana wanne wanaocheza. Hapo una gigabaiti 675 kwa usiku mmoja, na kicheni pati na sendofu bado hujazigusa.

Ndiyo maana haipiti muda kabla mpiga video hajaanza kuota boksi. Boksi ni kasha la chuma lenye diski mbili tumboni, zile tunazoziita "hadi diski", linachomekwa kwenye laptopu kwa waya mmoja na kwenye umeme kwa waya mwingine. Tatizo ni kwamba ukitaja tu kwamba unatafuta boksi, mji mzima unageuka kuwa washauri. Shemeji yangu, ambaye anauza vipuri vya pikipiki na hajawahi kuhariri hata picha ya pasipoti, alisoma kwenye karatasi kwamba diski inazunguka mara 7,200 kwa dakika, akatikisa kichwa kwa heshima. "Hiyo injini," akasema. "Chukua."

Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, ushauri hutolewa kabla hujasimama. "Bosi wangu, karibu! Tera kumi na sita hii hapa, elfu sabini tu, ya mwisho hiyo." Kijana ameshika kitu cha ukubwa wa kiberiti, chepesi, kinang'aa. Mwenzangu mmoja wa studio alishawahi kuchukua cha namna hiyo, na kilipoanza kumletea mambo tukakifungua kwa bisibisi. Ndani mlikuwa na memori kadi ndogo ya simu imegandishwa kwa gundi, na pembeni yake nati ya chuma, ya nini kama si uzito. Uhodari wa vitu hivi ni kwamba havikatai kazi. Kimefundishwa kuiambia kompyuta kwamba kina terabaiti 16, kwa hiyo kompyuta inamimina, nacho kinapokea, na kikijaa kinaandika upya juu ya yale ya mwanzo bila kukohoa. Majina ya faili yote yanabaki. Ukibofya "Kuingia kanisani" unapata giza.

Zipo programu za bure, F3 na H2testw, ambazo hujaza diski mpaka pomoni kisha huisoma tena kuona kama ilichopewa ndicho ilichohifadhi. Nilimwomba yule kijana aniruhusu nijaribu palepale. "Bosi," akasema kwa huzuni ya kweli, "utaniharibia mzigo."

Basi nikaingia duka la maana, lenye kiyoyozi na muuzaji aliyevaa tai, na huko uongo haukuwepo. Kulikuwa na namba. Boksi moja liliandikwa gigabiti 40 kwa sekunde, lingine 10, lingine 5, na muuzaji akazitaja zote kwa sauti ileile ambayo padri hutajia watakatifu. Hizo ni gigabiti, si gigabaiti; lazima ugawe kwa nane kwanza ndipo upate kitu cha kupimia harusi. Halafu kuna suala la majina. Ile USB 3.0 iliyotoka mwaka 2008 ikiwa na gigabiti zake 5, mwaka 2013 ilibatizwa USB 3.1 Gen 1, na mwaka 2017 ikabatizwa tena USB 3.2 Gen 1. Gigabiti ni zilezile 5. Muuzaji alikuwa nazo rafuni mbili kati ya hizo, kwa bei tofauti, na aliniapia kwamba yenye jina jipya ni "jenereshini nyingine kabisa."

Nikamuuliza kuhusu ile ya 40, ya Thunderbolt 3, ambayo bei yake ingeweza kulipia ukumbi. Ndani yake nini? Hadi diski mbili za kuzunguka. Sasa diski moja nzuri ya aina hiyo, ikiwa tupu na ina moyo, inatoa kama megabaiti 200 na ushei kwa sekunde, na inavyozidi kujaa ndivyo inavyopungua. Mbili zikisaidiana zinafika 400 na kitu. Gigabiti 40 ni kama megabaiti 5,000. Ni kujenga barabara ya njia nane ili zipite bajaji mbili. Ungekuwa na SSD, diski za haraka zisizozunguka, humo ndani, sawa, njia zingepata magari. Lakini SSD kwa kila terabaiti bei yake ni mara kadhaa ya hadi diski, na bwana harusi anayebembeleza apunguziwe hadi hela ya mafuta hakusudii kunilipia hizo.

Na hapa nasema jambo ambalo wenye maduka hawalipendi. Video ile ya megabiti 100, hata ukizicheza kamera zote tatu kwa pamoja, inahitaji megabaiti zisizofika 40 kwa sekunde. Diski moja ya kawaida inaziweza huku inapiga mluzi. Laptopu inapokwamakwama ukihariri, mara nyingi anayehema ni prosesa, anayehangaika kuzifungua picha zilizobanwa. Diski imekaa inamsubiri. Wanaohitaji mbio kweli ni wanaofanya kazi na fomati ya ProRes 422 HQ na ndugu zake, ambayo kwa 4K ya fremu 25 hula karibu megabiti 737 kwa kila kamera. Hao ni watu wa matangazo na filamu. Wa ndafu na keki tunauziwa mbio kwa sababu mbio zinaonekana juu ya kaunta: muuzaji anafungua programu, mshale unaruka, unasema lo! Usalama hauna mshale. Hakuna duka linaloweza kukuonyesha harusi ambayo haikupotea.

Kwenye boksi la diski mbili, kati ya mbio na usalama ni lazima uchague kimoja. Uchaguzi unaitwa RAID, na ulianza na makala ya mwaka 1988 ya Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliopendekeza diski za bei rahisi zifanye kazi kwa kikundi. Wao walihesabu ngazi kuanzia 1 hadi 5. Sifuri ilikuja baadaye, na ni sifuri kweli, maana ndicho kiasi cha usalama kilichomo. RAID 0 inaikata kila faili vipande na kuzigawia diski mbili kwa zamu. Mbio zinakaribia mara mbili, lakini diski moja ikifa umebaki na nusu za kila kitu, bwana harusi bila pua na hotuba yenye silabi moja moja. RAID 1 inaandika kilekile kwenye diski zote mbili. Moja ikifa, nyingine inaendelea na msiba hausikiki.

Nilichukua RAID 1, diski za terabaiti nane nane. Wa kwanza kuhoji alikuwa mke wangu.

"Nane na nane ni ngapi?"

"Kumi na sita."

"Mbona hapa inasema saba nukta mbili saba?"

Nikaeleza kwamba kiwanda huhesabu kwa elfu na Windows kwa 1,024, kwa hiyo nane za kiwandani zikifika kwenye kioo zinasomeka 7.27, na kwamba diski ya pili haihesabiwi kwa kuwa ni nakala.

"Kwa hiyo hii ya pili kazi yake nini?"

"Inasubiri ya kwanza ife."

Alinitazama kwa muda, kisha akaenda kumsimulia dada yake kwa simu. Nilisikia kicheko kwa pande zote mbili.

Boksi likapewa nafasi mezani, na ndipo nyumba ikaanza kulichagua upya. Ule waya mfupi mnene uliokuja nalo ulitoweka, maana kichwa chake kinaingia kwenye simu ya kila mtu. Mahali pake pakawekwa, kwa nia njema, waya mweupe wa chaja. Unafanana, unaingia, taa inawaka. Ila waya nyingi za chaja ndani ni USB 2.0, megabiti 480, ambazo kwa kazi halisi hutoa megabaiti 40 hivi kwa sekunde ukiwa na bahati. Gigabaiti 675 kwa mwendo huo ni zaidi ya saa nne na nusu. Mpwa wangu akapita, akaangalia ule mstari wa kijani unavyojivuta, akatoa hukumu: "Anko, umepigwa." Waya wenyewe ulikuwa mfukoni mwake.

Kisha akaja shangazi kutoka Tanga. Shangazi haamini kitu chochote kilicho uchi mezani. Redio aliivika, TV akaivika, na asubuhi moja boksi nalo likawa limevikwa kitambaa cha kufuma cha maua ya waridi, kimeshuka vizuri mpaka mezani, kimeziba tundu la feni. Dar es Salaam, Februari. Boksi likawa la moto kama pasi na feni inalia kitambaani. "Kinalalamika," shangazi akasema, "kina njaa ya umeme hicho. Na usiku kinanikonyeza." Siku iliyofuata, kwa kuwahurumia wote, boksi na LUKU, alilizima ukutani kabla hajalala. Mimi nilikuwa nimeacha faili zinahamia.

RAID 1 ikikatwa katikati ya kuandika haiamini tena kwamba diski zake mbili zinasema kitu kimoja, kwa hiyo inaanza kulinganisha na kunakili upya kutoka mwanzo. Terabaiti nane kwa megabaiti 200 kwa sekunde ni saa 11, na hapo hakuna anayeigusa. Zilikuwa saa 11 za taa kukonyeza. Shangazi alihamia chumba kingine.

Lakini aliyemaliza ubishi wote ni yule mpwa. Alihitaji nafasi ya mfululizo wa Kikorea, akaona folda kubwa isiyo na jina la kueleweka, akaifuta, na kwa kuwa ni kijana msafi akamwaga na pipa la taka. RAID 1 ilimtii kwa uaminifu wake wote: ikafuta kwenye diski ya kwanza, ikafuta kwenye ya pili, papo hapo. Diski mbili zilizonunuliwa ili moja isubiri nyingine ife zilikufa kwa mshikamano. Bahati iliyotuponya ni kwamba memori kadi za harusi ya kwenye folda ile zilikuwa bado kwenye begi, hazijafutwa.

Si kwetu tu. Mwaka 1998 pale Pixar, Marekani, amri moja ya kufuta ilipita kwenye mashine zilizohifadhi filamu ya Toy Story 2, wahusika wakaanza kutoweka mbele ya macho ya watu, na nakala za akiba zilipofuatwa zikakutwa hazifai. Filamu iliokolewa na Galyn Susman, msimamizi wa mambo ya ufundi, ambaye alikuwa amejifungua, akawa anafanyia kazi nyumbani, na kwa hiyo ana nakala kwenye kompyuta ya huko. Wakaifuata ile kompyuta kwa gari, wakaifunga mablanketi. Naye mpiga picha Peter Krogh ndiye aliyeieneza kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae mahali pengine kabisa.

Mahali pengine kabisa, kwa mtu wa kipato changu, ni kwa mama mkwe, Kigamboni. Nikanunua hadi diski ndogo moja, nikavuka nayo kwa pantoni, nikaamkia, nikaeleza. Mama aliipokea kwa mikono miwili na kuiweka kabatini kati ya glasi za wageni. Sikuwaza kwamba TV yake ina tundu la USB.

Niligundua nilipokwenda kubadilisha faili. Sebuleni wamejaa wanawake wa kikoba, chai iko mezani, na kwenye kioo ni harusi ya Tabata ya watu wasiowajua hata kwa jina. Walikuwa wameshafika mbali. Walimjua mshereheshaji kwa utani anaourudia, walikuwa na msimamo mkali kuhusu mama wa bwana harusi, na mmoja alitaka kujua kama yule msimamizi mwenye koti la bluu ameoa. "Mkwe," mama akaniambia, "ile ya Sinza imeishia kwenye keki. Sehemu ya pili iko wapi?"

Za wateja ni siri za wateja. Nilirudi na diski mjini kistaarabu, nikaifunga kwa nenosiri, nikaivusha tena bila kusema neno.

Jumamosi iliyofuata simu ikaita.

"Mkwe, kidubwasha chako kimeharibika. TV haikitambui."

"Shikamoo mama. Kiko sawa mama, kiache tu hapo kabatini."

"Marahaba. Usiwe na wasiwasi, nimemwita fundi, huyu hapa. Anasema TV inauliza kama ifomati. Abonyeze ndiyo?"

Pantoni ilikuwa ndiyo inang'oa nanga Magogoni nilipofika, na sikuwa mtu wa pekee aliyeirukia, ila ni mimi peke yangu niliyekuwa na kiatu kimoja.