Queen ni wanne, na namba moja si Freddie

Albamu ya A Night at the Opera ya bendi ya Queen ilitoka Novemba 1975, na sisi watu wa Pwani tukiisikia tunamtaja mtu mmoja tu: Freddie Mercury, yaani Farrokh Bulsara, mzaliwa wa Zanzibar. Ni wetu, hakuna ubishi. Ila Queen walikuwa wanne, na kila mmoja ametunga wimbo humu. Nahesabu mambo matano bora ya albamu hii, kutoka chini kwenda juu. Wa kununa anune.

5. Roger Taylor na gari lake
Mpiga dramu katunga wimbo wa kulipenda gari, kisha kauimba kama mtu aliyekuja kutoa posa! Ukawekwa upande wa pili wa santuri ya "Bohemian Rhapsody", kwa hiyo kila aliyeinunua alimlipa na Roger. Mahari ilirudi.

4. Gitaa la Brian May
Alilitengeneza na baba yake, shingo yake ikitoka kwenye mbao za meko ya kizamani. Kwenye "Good Company" linaiga bendi nzima ya jazi, tarumbeta na klarineti zikiwemo. Usihangaike kumtafuta mpuliza tarumbeta. Hayupo.

3. "'39"
Brian tena, safari hii anaimba mwenyewe. Wasafiri wa anga wanarudi wakiwa wamezeeka mwaka mmoja tu, huku duniani imepita karne. Hiyo ni fizikia ya Einstein, jamani, na bado mguu unagonga sakafu! Shahada yake ya uzamivu katika fizikia ya anga aliimaliza mwaka 2007.

2. "Bohemian Rhapsody"
Shusheni ndala, nisikilizeni. Dakika 5 na sekunde 55, wiki 9 kileleni Uingereza, na kileleni tena mwaka 1991 baada ya Freddie kufariki. Ramani yote ilikuwa kichwani mwake. Lakini ile kwaya kubwa ni watu watatu, Freddie, Brian na Roger, waliorekodi sauti juu ya sauti, na zile za juu kabisa, zinazokaribia kupasua glasi, ni za Roger. Freddie mwenyewe asingekubali tumpe sifa zote peke yake.

1. John Deacon
Naam, yule mpole wa besi! Kwenye "'39" Brian alimtania apige besi kubwa ya kusimama. John akaenda kujifunza, akaja akaipiga. Kisha akamtungia mkewe Veronica "You're My Best Friend". Freddie hakuipenda piano ya umeme, basi John akaipiga mwenyewe, na ndiyo ile sauti laini inayofungua wimbo. Halafu msikilizeni Freddie akiimba mapenzi ya ndoa ya mwenzake: hakuna kujionyesha, hakuna mbwembwe, kila neno kalibeba kama lake. Mwaka 1976 wimbo ukafika namba 7 Uingereza. Anayebisha aje na spika zenye besi nzuri, tuusikilize kwanza, ndipo tugombane.