Uhuru wa Kuwashiana Taa

Mwenge wa Uhuru uliwashwa kileleni mwa Kilimanjaro mwaka 1961 ili umulike hata nje ya mipaka. Mwaka 2025 mbio zake zilizinduliwa Kibaha, zikihimiza watu wakapige kura. Siku yenyewe ya kura, 29 Oktoba, intaneti ikazimwa. Mshindi akatangazwa kwa zaidi ya asilimia 97, maelewano ambayo hata ndoa changa hazijawahi kuyaonja.

Ibara ya 18 ya Katiba, inayompa raia haki ya kutafuta na kutoa habari, ingali hai Misugusugu, kwenye Barabara ya Morogoro. Dereva wa lori akimpita trafiki aliyejibanza kivulini, humwashia taa mwenzake anayekuja. Naye hupunguza mwendo, hufunga mkanda, huvaa uso wa raia mwema. Hakuna anayeuliza chama, wala bando halihitajiki.